Waraka wa 1983 ulimwondoa sista kwenye sakafu ya wodi

Waraka HC(83)18, uliotolewa na wizara ya afya ya Uingereza Septemba 1983, ulikuwa uamuzi mbaya, na ubaya wake mkubwa haukuwa katika fedha. Kila anayesimamia wafanya usafi hospitalini anauishi hata kama hajawahi kuusoma, maana mikataba mingi ya zabuni katika hospitali zetu ina umbo lile lile. Uliziagiza mamlaka za afya zishindanishe zabuni za usafi, mapishi na ufuaji. Mabishano ya wakati ule, na mengi ya leo, yameng'ang'ania swali la kampuni binafsi au serikali. Waachiwe wanasiasa swali hilo. Kiufundi, kosa lilitendeka mahali padogo zaidi: mfanya usafi alitolewa mikononi mwa sista wa wodi akawekwa chini ya msimamizi wa mkandarasi, mtu anayepita mara moja na karatasi yake, asiyejua kitanda cha sita kimelaliwa na nani wala anaumwa nini.

Tuitazame hatua hiyo polepole, kwa sababu ndiyo iliyoharibu kila kilichofuata. Kabla ya hapo mfanya usafi alikuwa mtu wa wodi moja. Sista akimwambia aache korido kwanza, kitanda cha dirishani kinaachwa wazi sasa hivi na kuna mgonjwa anapandishwa, aliacha korido. Huko ndiko kusimamia: kubadilisha mpangilio wa kazi kwa kufuata hali ya mgonjwa, saa ile ile. Mkataba wa zabuni hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu unauza mita za mraba na idadi ya mizunguko. Mgonjwa akiharisha saa nane mchana, na ratiba inasema choo kilishapigwa deki saa nne asubuhi, sista anapiga simu ofisini kwa mkandarasi na kusubiri, au anachukua dekio mwenyewe na kuacha dawa za wagonjwa. Vimelea havisubiri simu ijibiwe. Tena, mwezi ule ule wa Septemba 1983 serikali ilifuta azimio la Bunge la ujira wa haki, lililokuwa likiwabana wakandarasi wa serikali walipe mishahara inayolingana na ya wengine. Gharama za usafi karibu zote ni watu, kwa hiyo njia iliyobaki ya kushinda zabuni ilikuwa kukata saa na ujira. Wafanya usafi wa hospitali ya Barking, mashariki mwa London, waligoma mwaka 1984 kwa sababu hiyo hiyo. Ujira ukishuka, wazoefu huondoka, na msimamizi anabaki kila mwezi akifundisha wageni jambo moja: juu kwenda chini, pasafi kwenda pachafu, sabuni kwanza ndipo klorini. Timu ya namna hiyo haifiki hatua ya kusimamiwa, inaishia kuelekezwa tu.

Hapo ndipo ilipotamalaki karatasi ya sahihi nyuma ya mlango wa choo, ambayo safu hii haitachoka kuipinga. Karatasi ile inathibitisha kwamba mtu alipita na kalamu. Mkandarasi anaihitaji ili alipwe na ofisi ya manunuzi inaihitaji ili ilipe, lakini mgonjwa haimfai kitu. Kipimo halali kipo. Mtafiti Philip Carling na wenzake Marekani walipaka alama isiyoonekana kwa macho kwenye reli za vitanda, vitasa, swichi na vitufe vya kengele, kisha wakarudi na taa ya urujuanimno kuona kama alama imefutwa. Katika matokeo yao ya hospitali 36, yaliyochapishwa mwaka 2008, sehemu zilizokuwa zimesafishwa zilikuwa asilimia 48 tu. Wafanya usafi walipoonyeshwa matokeo yao na kufundishwa, zikapanda hadi asilimia 77. Kilichoongezwa hapo kilikuwa usimamizi unaotazama kitasa badala ya karatasi.

Watetezi wa waraka wana hoja, na hoja ya kwanza ni nzito. Vyeti vya vifo vilivyotaja MRSA, bakteria sugu kwa dawa, katika England na Wales vilikuwa 51 mwaka 1993 na 1,652 mwaka 2006, lakini wanasema chanzo ni aina mpya za bakteria, matumizi mabaya ya antibiotiki na mikono isiyonawiwa. Ni kweli, na anayedai kwamba zabuni peke yake ilileta MRSA anadai asichoweza kukithibitisha. Lakini swali la msimamizi ni jingine: je, usafi ulikuwa na uwezo wa kuizuia? Mtaalamu wa mikrobiolojia Stephanie Dancer alilijibu huko Glasgow, Scotland. Aliongeza mfanya usafi mmoja tu, siku tano kwa juma, kwa zamu katika wodi mbili za upasuaji, akielekezwa kwenye sehemu zinazoguswa sana. Matokeo yalitoka mwaka 2009: uchafuzi wa sehemu hizo ulipungua kwa asilimia 32.5 na maambukizi mapya ya MRSA kwa asilimia 26.6, na hospitali ikabaki na faida hata baada ya kulipa mshahara wake. Ndiyo sababu hoja ya pili, ya fedha zilizookolewa, haisimami, kwani kilichopunguzwa kwenye usafi kinaweza kulipiwa wodini kwa siku za kulazwa. Wapo pia wanaosema timu za ndani ya hospitali zenyewe ndizo zilizoshinda zabuni nyingi. Zilishinda kwa kukata saa zile zile, na hoja hiyo inaonyesha tu kwamba ubovu ulikuwa katika masharti ya shindano, yeyote aliyeshinda.

Serikali yenyewe ilikuja kulikiri kosa kwa vitendo. Mwaka 2001 ilianza kuwarudisha metroni, yaani wauguzi wakuu, na kuwapa sauti katika usafi. Rangi za kitaifa za vifaa, nyekundu kwa vyoo na njano kwa wodi za kutengwa, zilikuwa kazi nzuri. Kisha mwaka 2007 Waziri Mkuu Gordon Brown akaamuru usafi mkubwa wa hospitali zote kwa pauni milioni 57, kana kwamba kitasa kilichosuguliwa Machi hakitaguswa tena Aprili. Scotland iliamua kwa busara zaidi, ikasitisha mwaka 2008 mikataba mipya ya kampuni binafsi za usafi hospitalini.

Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, asingehitaji miaka 25 kuligundua kosa hilo. Kitabu chake cha 1859 kuhusu uuguzi kina sura nzima juu ya namna ya kupanga kazi ili ifanyike vilevile msimamizi akiwepo au asipokuwepo, na anasisitiza kwamba kitambaa kikavu hulihamisha vumbi tu, hakiliondoi. Thamani ya usafi aliiona katika hospitali ya jeshi ya Scutari, Uturuki, wakati wa vita vya Crimea, ambako vifo vilishuka kutoka asilimia 42.7 Februari 1855 hadi 2.2 Juni, baada ya tume ya usafi kuzibua mifereji na kusafisha majengo. Hakuna mkaguzi wa leo mwenye fomu ya kurasa kumi anayemfikia.

Kwetu hapa elimu haikosekani. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza mfumo wa 5S, ule wa Kijapani wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, mwaka 2007, na wauguzi wengi wa Tanzania wanaujua kwa vitendo. Kinachokosekana ni kifungu kimoja katika mkataba. Ninyi mnaoandika zabuni za usafi wa hospitali, andikeni kwamba mfanya usafi atapangiwa wodi moja, kwamba sista wa zamu ndiye anayempa amri ya kazi bila malipo ya ziada, na kwamba saa za kazi na ujira havitashuka chini ya kiwango kilichotajwa. Mkandarasi akikataa masharti hayo, rudisheni bahasha yake.