Onyesho la maji Ikweta ni ngano iliyokosa 'Paukwa!'

FASIHI simulizi haiishi mekoni na barazani pekee. Siku hizi imehamia kando ya barabara kuu, na hadhira yake ni sisi tunaosafiri na watoto wakati wa likizo, tukasimama kunyoosha miguu na kupigwa picha.

Chukua mfano wa Nanyuki. Pale penye bango la Ikweta, familia haijamaliza kushuka garini kabla kijana hajatokea na karai lenye tundu, jagi la maji na njiti za kiberiti. Majuzi nilisimama hapo na wajukuu wangu. Kijana alitupeleka hatua kama ishirini kaskazini, akamimina maji, njiti zikazunguka upande mmoja. Akatuvusha kusini, zikazunguka upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe, maji yakashuka moja kwa moja, njiti zikatulia tuli. Watoto wakapiga makofi. Kisha tukauziwa vyeti.

Kama mhakiki, nampa fanani huyu alama za juu. Ploti yake ina hatua tatu zinazopanda hadi kileleni. Anajua kujenga taharuki. Anaishirikisha hadhira: "Haya watoto, hesabuni hatua pamoja nami!" Anabadilisha lugha kulingana na aliyesimama mbele yake.

Tatizo ni kwamba anachokieleza si kweli. Kani ya Coriolis, inayotokana na mzunguko wa dunia, ipo. Ndiyo inayofanya vimbunga vya kaskazini mwa Ikweta vizunguke kinyume cha mwendo wa saa, na vya kusini vifuate mwendo huo. Lakini kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita. Ndani ya karai, tena hatua ishirini tu kutoka kwenye mstari, kani hiyo ni kama haipo. Mwaka 1962, Ascher Shapiro wa MIT kule Marekani aliidhihirisha katika tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, lakini ilimbidi ayaache maji yatulie kwa saa 24 kabla ya kuzibua tundu. Kijana wetu hakusubiri hata dakika. Kinachoamua mzunguko ni namna anavyomimina maji na anavyogeuka na karai lake.

Utaniambia: Profesa, si huo ni mchezo tu? Mbona ngano husema sungura alizungumza na fisi, nawe husemi kitu?

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ngano haidanganyi kwa sababu ina mlango. Fanani akisema "Paukwa!" nasi tukajibu "Pakawa!", tumekubaliana kuingia ulimwengu wa kubuni. Hata mtoto mdogo anajua hivyo. Onyesho la Ikweta halina mlango huo. Badala ya "Paukwa" lina neno "sayansi". Badala ya "hadithi yangu ikaishia hapo" lina cheti. Nilipomweleza mjukuu wangu ukweli tukiwa njiani, alinijibu, "Lakini babu, si nina cheti?"

Linganisha na Kit Mikayi, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo. Kwa Dholuo, jina hilo ni jiwe la mke wa kwanza. Inasemekana mzee Ngeso aliyapenda mawe yale hata akawa anashinda humo kutwa. Watu wakimuulizia, mkewe alijibu kwamba ameenda kwa mke wake wa kwanza. Neno "inasemekana" hapa linafanya kazi ya "Paukwa". Msikilizaji anaondoka na kejeli ya mke aliyepuuzwa, na hakuna anayedhani kweli jiwe lilitolewa mahari.

Simtaki kijana wa Nanyuki aache kazi. Ana familia ya kulisha. Namtaka aazime utanzu mwingine. Aseme "Kitendawili!", watoto wajibu "Tega!", naye aulize: maji yanazunguka, nani anayazungusha? Kisha awape karai wamimine wenyewe. Wakigundua kwamba siri ni mkono wake, watacheka zaidi, na malipo atayapata vilevile.

Ikweta yenyewe haihitaji kuongezewa chumvi. Mtoto kusimama mguu mmoja kaskazini mwa dunia na mwingine kusini, hiyo ni ajabu ya kutosha.