Kinganga cha Kimakonde: Ngoma Inayosimama kwa Mguu Mmoja

Ukitaka kumjua fundi wa ngoma kule Newala, usianze na ngozi. Angalia mguu. Kinganga, ile ngoma ndogo yenye sauti kali inayosikika juu ya nyingine zote kwenye densi ya sindimba, kimechongwa kwa gogo moja: juu mzinga ulio wazi, chini mguu mnene uliochongoka kama mkuki. Mpigaji hukisimika ardhini, akabaki na mikono yote miwili kwa ajili ya fimbo zake. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, kwa hiyo mguu huzama bila taabu na kushika.

Uamuzi huo wa mguu una gharama yake. Kwa kuwa chini kumeachwa mti mzima, fundi hana njia ya kutoboa kutoka pande mbili. Kazi yote ya kukomba ndani hupitia mdomo wa juu, kwa patasi ya mpini mrefu. Kadiri anavyoshuka, ndivyo macho yanavyopungukiwa na kazi. Hupima unene wa ukuta kwa kuugonga kwa kidole na kusikiliza. Ukuta ukiachwa mnene, ngoma inakuwa nzito na nyuzi za mti zinachelewa kukauka. Ukikombwa mno, unapasuka siku ya kupigilia vigingi vya ngozi.

Gogo huchongwa bichi, kwa sababu tezo hupenya vizuri mti ukiwa na maji yake, kisha hukaushwa kivulini polepole. Jua kali hukausha nje kabla ya ndani, na hapo ufa hauzuiliki. Ndiyo maana huchaguliwa mti mwepesi. Mpingo, uliowapa wachongaji wa Kimakonde jina duniani, haufai: ni mzito hata unazama majini, na moyo wake mweusi ni mwembamba, mara nyingi umejipinda. Huo ni wa vinyago, na wa klarineti na obo za Ulaya.

Sasa ngozi. Ya mbuzi hulowekwa hadi ilegee, ikafunikwa mdomoni ikiwa mbichi na kuvutwa. Vigingi vya mti mgumu hupigiliwa kwenye matundu chini kidogo ya ukingo, kimoja huku, cha pili upande wa pili kabisa, ili mvuto usiegemee mahali pamoja. Ngozi ikikauka, inasinyaa na kujikaza yenyewe. Fundi hajaikaza hadi mwisho; ameiachia hewa imalizie.

Lakini kigingi kikishapigiliwa hakirudi nyuma. Ngoma ya kamba unaweza kuikaza upya wakati wowote; hii huwezi. Umande wa usiku ukiingia kwenye ngozi, sauti inalala. Dawa yake ni moto wa majani makavu: ngoma huelekezwa kwenye miali, mpigaji akiigongagonga hadi sauti irudi. Hapo kuna hesabu kali. Ili sauti ya ngozi ipande oktava moja, mvuto wake lazima uongezeke mara nne. Ukipunguza kipenyo hadi nusu kwa mvuto uleule, unapata oktava hiyohiyo bila kuitesa ngozi. Kwa hiyo ukali wa kinganga umeamuliwa na udogo wa mdomo wake tangu gogo linakatwa. Moto unarekebisha tu. Na msimu wa jando na unyago, ngoma hizi zinapopigwa baada ya mavuno, ni kiangazi, wakati ngozi iko upande wa fundi.

Adui mpya wa ufundi huu ni sakafu ya saruji. Ukumbini mguu hauna pa kuchoma, basi ngoma hushikiliwa na mtu au kubanwa magotini, na pigo linapoteza nguvu. Wapo wanaoukata mguu ili ngoma ikae. Hilo ni kosa, kwa sababu mguu ni sehemu ya chombo sawa na ngozi. Mnaoandaa matamasha, wapeni wapigaji uwanja wa udongo, au walau sanduku lililojaa mchanga jukwaani. Halina gharama kubwa.