Uyoga na Zilizopendwa: Wimbo wa Dakika Tatu Ukiingizwa kwenye Mseto

Bendi ikitaka kurekodi nyimbo za waliotangulia, lazima kwanza iamue nini kiguswe na nini kiachwe kama kilivyo. Them Mushrooms, ambao baadaye waliitwa Uyoga, walikabili uamuzi huo katika Zilizopendwa '91, albamu ya mseto wa nyimbo za zamani. Uamuzi wao unatuhusu sisi wa Kilifi kwa karibu: ndugu wa ukoo wa Harrison walioijenga bendi ni watu wa Kaloleni, na Fundi Konde, mkongwe aliyewahi kurekodi nao, ni mzaliwa wa Kilifi wa mwaka 1924.

Nyimbo za Fundi Konde za miaka ya 1940 na 1950 zilitoka kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika tatu hivi, basi. Hapakuwa na nafasi ya kuzurura. Gitaa linafungua, ubeti unaimbwa, gitaa linajibu, ubeti mwingine, kwisha. Wanamuziki walipiga wote kwa pamoja, na mmoja akiteleza, kazi nzima ilirudiwa. Ndiyo maana ukisikiliza Tausi Ndege Wangu huoni pa kupunguza.

Mseto una sheria nyingine kabisa. Nyimbo zinafuatana bila kusimama juu ya mdundo mmoja, ili mchezaji asiondoke ukumbini. Kazi ngumu iko kwenye maungio. Nyimbo mbili za ufunguo mmoja zinashonana zenyewe. Zikitofautiana, panahitajika daraja. Ukitoka G kwenda C, kodi (chord) ya G iliyoongezwa sauti ya saba inatosha kukuvusha, na msikilizaji hata hajui amevushwa. Lakini kutoka G kwenda A flati, besi ipande nusu hatua bila woga na ngoma zishike vizuri, la sivyo mwimbaji ataingia akiutafuta wimbo.

Mwendo ndio unaonisumbua zaidi. Wimbo uliotungwa kwa rumba ya taratibu, ukiharakishwa ulingane na jirani yake, maneno yanabanana na mwimbaji anakosa pa kuvuta pumzi. Na mpangaji akitaka kuokoa muda, cha kwanza kukatwa huwa ni lile jibu la gitaa katikati ya beti. Kwa Fundi Konde hiyo ni hasara kubwa, maana alikuwa mpiga gitaa kabla ya yote, na nusu ya wimbo wake iko hapo.

Kwa hiyo hatua ya Uyoga ninayoiheshimu kuliko zote ni kumwita mzee mwenyewe studioni. Bendi ilikuwa imehamia Nairobi mwaka 1987 na ikawa na studio yake, na mwenye studio hasukumwi na saa ya kukodi. Mtunzi akiwepo, hakuna haja ya kubahatisha vidole vilikaa wapi kwenye nyuzi, wala sauti ya pili ilishuka kiasi gani chini ya ya kwanza. Mambo hayo santuri iliyochakaa huyameza.

Fundi Konde alifariki mwaka 2000. Vijana wa Malindi na Mtwapa wanaotaka kurekodi upya nyimbo zake sasa wana rekodi tu za kuwaongoza. Wazishike nyimbo hizo kwa gitaa moja na sauti mbili kwanza, mwendo uleule wa santuri, ndipo wawashe mashine ya ngoma.