Kijiti, Ghala na Punje ya Mtama

Misigiri ni mahali pa kupita. Malori yanayotoka Singida kwenda Nzega hupunguza mwendo kwenye njia panda ya Kiomboi, utingo hushuka kununua kuku, kisha safari huendelea kuelekea mteremko wa Sekenke. Asiyepita ni mkazi, na mkazi kiangazi kikikolea ana neno moja tu mdomoni: maji. Nyuma ya maduka utaona madumu ya njano yakiwa kwenye foleni kabla wenyewe hawajafika.

Huko nyuma ya maduka ndiko nilikokabidhiwa kijiti. Mzee mmoja anayepima maji ya chini ya ardhi kwa kijiti alikata tawi bichi lenye panda, mfano wa mti wa manati lakini refu zaidi, akanipanga mikono: viganja vitazame juu, vishike mikia miwili ya panda, vivute nje kidogo, ncha ielekee mbele. "Tembea, mwanangu. Usilazimishe." Nikatembea. Nilipofika karibu na pale alipokuwa amenionyesha dakika chache kabla, ncha ikageuka na kuchota chini kwa nguvu, gome likanikwaruza viganja. Ningeapa kwamba sikufanya lolote.

Naanza na hilo kwa sababu moja: wengi wanaokicheka kijiti hawajawahi kukishika. Kijiti kinavuta, hilo halina ubishi. Yaliyobaki ni maswali mawili. La kwanza, nani anayevuta? La pili, huyo anayevuta anajua maji yalipo? Fizikia ililijibu la kwanza zamani na vizuri. La pili lilimpata mwanafizikia mwenye vifaa, fedha na muda, akalipima kwa uangalifu, kisha akateleza alipofika kwenye hesabu. Kuteleza huko ndiko ninakotaka tukuchambue.

Mkono unaotangulia

Mwaka 1853 London ilikuwa imeshikwa na homa ya meza. Watu waliketi kuizunguka meza, wakaweka viganja juu yake, baada ya muda meza ikaanza kusogea. Wengine walisema ni mizimu, wengine umeme, wengine sumaku. Michael Faraday, yule aliyegundua mwaka 1831 kwamba sumaku inayosogea huzalisha umeme kwenye waya, aliombwa aseme neno. Hakubishana na mtu. Alichukua vipande vya kadibodi.

Alivipanga kimoja juu ya kingine na kuvishikiza kwa vidonge vya gundi laini, ile inayoshika lakini inakubali kuteleza polepole. Rundo hilo akaliweka kati ya mikono na meza. Mantiki yake hata mtoto anaielewa. Meza ikijisogeza yenyewe, itaburuta kwanza kadibodi ya chini, na ya juu itabaki nyuma. Mikono ikianza, ya juu ndiyo itakayotangulia. Meza ilisogea, Faraday akakagua rundo lake: ya juu ilikuwa imetangulia.

Kisha akafunga unyasi mrefu kama mshale wa saa, uonyeshe papo hapo mikono inaposukuma upande. Wenye mikono walipouona unyasi, meza haikusogea tena. Hawakuwa matapeli. Misuli yao ilikuwa ikilitii wazo ambalo wenyewe hawakujua wamelituma, na walipoonyeshwa, wakaacha.

Kijiti cha panda kinafanya kazi hiyohiyo, tena kwa ustadi zaidi ya meza. Panda iliyovutwa nje ni kama upinde uliovutwa: imejaa nguvu iliyohifadhiwa. Ncha yake imesimama mahali dhaifu, kama yai lililosimamishwa wima. Kifundo cha mkono kikigeuka kidogo tu, kiasi ambacho mwenyewe hahisi, nguvu yote iliyohifadhiwa hufunguka na ncha huanguka kwa kishindo. Ndiyo maana viganja vyangu vilikwaruzwa. Mgeuko ulikuwa mdogo na mwanguko ulikuwa mkubwa, na akili ikakataa kwamba huu umetokana na ule.

Lakini jibu hilo halimalizi mambo. Mzee wa Misigiri anaweza kukubali yote haya na bado akasema: sawa, ni mkono wangu, lakini mkono wangu unajua maji. Hapo ndipo panapohitaji kupimwa.

Ghala la Munich

Tanzania tuna sababu ya kuwaheshimu wanafizikia wasiodharau maneno ya watu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa darasani. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Osborne angeweza kucheka pia. Alirudi Dar, akalipima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba hata mahali unapoweka kipimajoto kunaweza kukupa jibu tofauti. Lakini jambo lilitoka kwenye kicheko likaingia kwenye kipimo, na huo ni ushindi.

Kwa moyo kama huo, mwanafizikia Hans-Dieter Betz wa Munich, Ujerumani, na wenzake waliwapima wapiga kijiti mwaka 1987 na 1988. Mpango wao ulikuwa mzuri, nao unastahili kutazamwa kwa makini.

Walitumia ghala la ghorofa moja. Chini waliweka bomba lenye maji yanayopita, ambalo lingeweza kusogezwa kushoto au kulia. Juu, mpiga kijiti alitembea kwenye mstari wa mita 10 na kusema bomba liko chini ya sehemu gani. Kila baada ya jaribio bomba lilihamishwa. Kwa mpango huo walikuwa wameondoa vyote vinavyomsaidia mpima maji porini bila yeye kujua: hakuna mti uliobaki na majani mabichi, hakuna bonde, hakuna kichuguu, hakuna kisima cha jirani. Kimebaki kijiti, sakafu na maji.

Walianza na watu wapatao 500, wakawachuja, wakabaki na 43 waliofanya vizuri. Hao wakafanya majaribio 843. Matokeo: kati ya 43, angalau 37 hawakuonyesha uwezo wowote. Sita waliobaki, alisema Betz, walifanya maajabu ambayo bahati haiwezi kuyaeleza.

Hesabu ilipoponyoka

Chukua watu 500, kila mmoja ashike sarafu ya shilingi 200 na kuirusha. Sura ya Karume ikiwa juu, abaki. Simba wakiwa juu, atoke. Raundi ya kwanza watabaki kama 250, ya pili 125, na baada ya raundi tano utakuwa na watu 15 au 16 ambao Karume hajawahi kuwakosea. Wapige picha, wahoji, uliza wanashikaje sarafu. Hawana siri yoyote. Wamezaliwa na mchujo wako.

Dawa yake ni moja: waambie warushe tena. Mwenye kipaji ataendelea, mwenye bahati atarudi kwenye kundi.

Mwaka 1999 Jim Enright, profesa wa fiziolojia wa California, alizirudia takwimu za Munich, si kwa ghala jipya bali kwa namba zilezile. Alikuta mambo mawili. Kwanza, wale sita hodari hawakuwa hodari kila mara. Katika majaribio mengine ya mtu yuleyule, kipaji kilipotea na matokeo yakafanana na kubahatisha. Pili, njia ya kukokotoa iliyotumika haikuwa ya kawaida. Ilikuwa imekatwa na kushonwa kwa ajili ya takwimu hizo.

Enright akachukua kipimo cha kawaida. Fikiria mtu asiyejua lolote, asiye na kijiti, ambaye kila jaribio anasimama katikati ya mstari, mita 5, na kusema "hapa". Ikiwa bomba linaweza kuwa popote kwenye zile mita 10, mtu huyu mvivu atakosea kwa wastani wa mita 2.5. Mpiga kijiti mwenye kipaji lazima ampite mvivu huyu, tena kwa mbali. Katika wale sita, watano walikuwa mbali na bomba kuliko mvivu. Mmoja tu, bora kuliko wote waliopatikana katika watu 500, alimpita. Alimpita kwa wastani wa milimita 4.

Milimita 4 ni kama upana wa punje moja ya mtama. Weka punje hiyo kwenye mstari wa mita 10 na utaona kipaji chote kilichobaki.

Betz hakudanganya. Alichapisha namba zake, ndiyo maana Enright aliweza kuzisoma. Kosa lake ni la mpangilio. Kijijini tungesema mpira ulipigwa kwanza, kisha magoli yakachimbiwa pale ulipoangukia. Ukichagua njia ya kuhesabu baada ya kuyaona matokeo, hata ukiwa na nia safi, utachagua ile inayofunga goli. Ghala lilimzuia mpiga kijiti asione bomba. Hakuna kilichomzuia mwanafizikia asione majibu kabla ya kuchagua hesabu.

Linganisha na jaribio la Kassel, Ujerumani, mwaka 1990. Bomba la plastiki lilifukiwa sentimita 50 chini ya uwanja tambarare, na swali lilikuwa jepesi: maji yanapita sasa, au hayapiti? Wapiga kijiti wapatao 30 walitia sahihi kabla ya kuanza kwamba jaribio ni la haki na kwamba wanatarajia kupata yote. Walipata sawa na anayebahatisha. Hapakuwa na nafasi ya kuchimbia magoli upya, kwa sababu magoli yalikuwa na sahihi zao.

Visima 691

Mtetezi wa kijiti ana hoja moja nzito: nje ya ghala, maji hupatikana. Mwaka 1995 Betz alitoa ripoti nyingine kuhusu mradi wa misaada wa Ujerumani katika maeneo yenye ukame ya nchi kadhaa, zikiwemo Sri Lanka, Kenya na Zaire ya wakati ule. Sri Lanka peke yake vilichimbwa visima 691, na 96 kati ya kila 100 vilitoa maji.

Namba hiyo inapendeza, lakini haina mwenzake. Ingekuwa ngapi bila kijiti? Betz aliilinganisha na makadirio ya wanajiolojia, si na visima vilivyochimbwa kando kwa kupiga kura. Na waliochimba hawakutembea na kijiti peke yake. Walikuwa na wataalamu wa miamba. Ukila ugali kwa mboga tatu, huwezi kusema umeshibishwa na moja.

Miamba yenyewe ina la kusema. Singida imekaa juu ya granaiti kongwe. Granaiti nzima haishiki maji. Maji hukaa kwenye tabaka la juu lililooza na kwenye nyufa. Hakuna mito inayotiririka gizani chini ya mashamba. Palipo na tabaka nene lililooza, utachimba hapa au mita chache kutoka hapa na utakuta maji. Mafundi wa upimaji huchomeka vigingi vinne vya chuma, wakapitisha umeme kwa viwili na kusoma volti kwa viwili vingine, kwa kuwa tabaka lenye unyevu hupitisha umeme kirahisi kuliko mwamba mkavu. Na jambo moja ambalo kijiti hakijawahi kulitaja ni madini ya floridi, ambayo katika maji ya sehemu nyingi za Singida huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto huonyesha rangi ya kahawia kabla maabara haijasema.

Ndoo kumi za Misigiri

Kijiti kinaweza kupimwa hapa hapa, kwa fedha ya chai. Chukua ndoo kumi zenye vifuniko. Moja ijazwe maji, tisa mchanga. Kwanza iachwe wazi iliyo na maji, na mzee athibitishe kwa kijiti kwamba siku hiyo kinafanya kazi na kwamba ndoo haimkwazi. Kisha kundi moja lihamishe ndoo kwa kuchota karatasi zenye namba, liondoke. Atakayemsindikiza mzee asijue maji yako wapi, kwa sababu uso wa anayejua husema. Mara 20.

Anayebahatisha atapata kama 2. Kupata 7 au zaidi kwa bahati hutokea chini ya mara moja katika 400. Basi namba 7 iandikwe kwenye karatasi kabla ya ndoo ya kwanza kufunuliwa, na mzee atie sahihi. Karatasi hiyo ndiyo kifaa ambacho Munich hawakuwa nacho.

Nilimweleza mzee mpango huu. Alisikiliza hadi mwisho, akakiegemeza kijiti ukutani, akaniuliza: "Na hawa wanaokuja na waya zao na gari, wakatuchimbia shimo kavu, nao mtawafunikia ndoo?"

Nilimjibu ndiyo. Hata wao waandike kabla ya kuchimba: maji yatakuwa mita ngapi, lita ngapi kwa saa. Kisha tuhesabu mashimo yote, makavu na yenye maji, kwa karatasi ileile.

"Hapo," akasema, "tia sahihi wewe kwanza."