Mzinga wa Königsberg na Jina la Kariokor

Katika mji wa Chicago, Marekani, kuna nyambizi ya Kijerumani iitwayo U-505. Wanamaji wa Kimarekani waliiteka baharini, upande wa magharibi wa Afrika, tarehe 4 Juni 1944, na tangu 1954 imo katika jumba la makumbusho, ambako watu huingia tumboni mwake kama abiria. Chombo kilichokuwa tishio la merikebu sasa chasimulia ushujaa wa waliokiteka. Ndiyo kawaida ya nyara: hupewa uhai wa pili, na katika uhai huo husema maneno ya mshindi.

Sisi hatuna nyambizi, lakini tunao mzinga. Wasimama ndani ya Fort Jesus, Mombasa, nao wastahili kuhojiwa kwa namna iyo hiyo.

Ulikuwa mzinga wa manowari Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo ya Kijerumani iliishambulia Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja ikaizamisha, kisha ikajificha miongoni mwa mikoko ya delta ya Rufiji. Iliwabidi Waingereza kungoja miezi mingi, wakaleta ndege za kuonyesha shabaha na manowari mbili zisizohitaji maji mengi, Severn na Mersey, hata wakaiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Msomaji atadhani hadithi iliishia hapo. La, hasha. Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaitia magurudumu, ikapigana bara. Mmoja ulifika hata Ziwa Tanganyika, ukafungwa juu ya merikebu Graf von Götzen, ile iliyozamishwa 1916, ikaopolewa 1924, na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Hapo ndipo penye neno. Mzinga wa merikebu haukuundwa utembee nchi kavu. Basi ni nani aliyeutembeza? Ni Waafrika, mamia kwa mamia, waliofungiwa kamba kama maksai, wakaukokota katika tope na vilima. Fort Jesus pana mzinga wa Pegasus pia, na kuwekwa kwa maadui wawili mahali pamoja ni wazo la kupendeza. Lakini upendezi huo wadanganya. Mtazamaji huondoka akiamini kuwa vita vile vilikuwa ugomvi wa merikebu mbili, na chuma kimekaa mbele yake pasipo mikono iliyokichukua.

Waingereza nao walikuwa na mikono yao. Ili kuitafuta, mwanafunzi wa Nairobi hana haja ya kwenda pwani. Na aende Kariokor, jirani ya Ziwani na Pumwani. Jeshi la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na kambi yake ilikuwa hapo. Ndimi zetu zikalisaga jina hilo likawa Kariokor, kama zilivyolisaga Dar es Salaam likawa Kariakoo. Nakiri kuwa nilinunua vyondo na viatu katika soko hilo miaka mingi kabla ya kuuliza maana ya jina lake.

Maana yake ni nzito. Mwaka 1917 wanaume walikusanywa kwa nguvu vijijini, wakabebeshwa unga, risasi na majeruhi. Hesabu za serikali zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Wako wanahistoria wanaokadiria kuwa vilikaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na mizinga, bali na kuhara, malaria, homa ya mapafu, na unga usioiva ambao matumbo yao hayakuuzoea.

Wako watakaosema kwamba watu hao wana ukumbusho wao, zile sanamu tatu za shaba katika barabara ya Kenyatta zilizosimamishwa miaka ya 1920. Ni kweli, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Fundi alimpa heshima yake. Lakini soma maandishi yaliyo chini yao, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yaahidi kuwa wana watayakumbuka majina ya baba zao, na jina hata moja halikuchongwa pale. Sijui kejeli kubwa kuliko hiyo katika mji mzima.

Kwa hiyo, nikilazimishwa kuchagua ukumbusho bora, nitachagua Kariokor, ingawa nao una kasoro: wengi hulitamka jina wasilisikie. Mzinga angalau una uzito; ukiusukuma kwa bega utajua mara moja ni kazi gani waliyopewa watu wale. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Ilikuwa imepita miaka 103 tangu vita kwisha.