Sauti ya Pili

Karatasi ya wimbo inayopita mikononi mwa wanakwaya wetu haina mistari mitano wala noti zenye vichwa vyeusi. Ina herufi tu: d, r, m, f, s, l, t. Zimepangwa safu nne, kila sauti na safu yake, na maneno ya wimbo yanapita katikati. Juu kabisa kumeandikwa "Do ni G", na kando yake mapigo, sita kwa nane au tatu kwa nne. Nukta pacha hutenga pigo na pigo. Nukta moja hulikata pigo nusu kwa nusu, mkato hulikata robo. Kistari humwambia mwimbaji asiiachie sauti, aishikilie hadi aambiwe vingine. Alama ndogo ikikaa juu ya herufi, sauti hupanda ngazi ya juu. Ikikaa chini, hushuka. Fa ikipandishwa nusu huitwa fe, ti ikishushwa nusu huitwa ta. Ni hayo tu, na kwa hayo mtunzi anaweza kuandika misa nzima, kuanzia Utuhurumie hadi Mwanakondoo.

Naipenda karatasi hii kwa sababu haidai chochote. Zamani iliwezekana kuichapa kwa taipureta ya ofisi ya parokia, leo kwa kompyuta yoyote ya steshenari, kisha fotokopi, basi. Kinanda kisipokuwepo, kazi inaendelea. Na Do yenyewe haifungwi mahali. Mwalimu akisikia soprano wamechoka, au teno wamekuja wachache, huishusha Do kidogo, wimbo wote ukashuka nayo, na hakuna herufi hata moja iliyobadilika kwenye karatasi.

Aliyeanzisha mfumo huu, tunaouita solfa, ni Sarah Glover, binti wa mchungaji huko Norwich, Uingereza, aliyefundisha watoto kuimba na kuichapisha njia yake mwaka 1835. Mchungaji John Curwen akaichukua na kuirekebisha, kwa kuwa alitaka watoto wa shule ya Jumapili na watu wa kipato kidogo waweze kusoma muziki bila kununua chombo. Wamisionari wakaja nayo Afrika. Kule Afrika Kusini, mwalimu wa shule na mwongoza kwaya wa Kimethodisti, Enoch Sontonga, aliitumia kuandika wimbo wake wa mwaka 1897, na tuni ya wimbo huo ndiyo tunayoimbia Mungu Ibariki Afrika. Kila mtoto wa Tanzania anayesimama mstarini asubuhi shuleni anaimba kazi ya mwalimu wa kwaya. Jambo hili halisemwi vya kutosha.

Mwalimu wa kwaya, kwa kawaida, halipwi. Mchana ana kazi yake nyingine: anafundisha shule, anashona, anauza duka, anazunguka wodini. Jioni anafika kanisani na karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki, anafungua dirisha, anasubiri watu. Niliwahi kuimba chini ya mwalimu ambaye hakuruhusu neno hata moja la wimbo kutoka kinywani kabla solfa haijakaa. Ukianza kuimba maneno mapema, alikusimamisha kwa upole na kukurudisha kwenye mi mi fa mi. Nilikuwa kijana, niliona anatuchelewesha. Siku hizi nikisikia kwaya nzuri, ninasikia kazi ya watu wa namna yake kabla sijasikia kitu kingine.

Kazi yao ngumu kuliko zote iko kwenye sauti ya pili, alto. Soprano wamebeba tuni, na tuni hujiimbisha yenyewe. Hata aliyekosa mazoezi huiokota ndani ya dakika chache. Besi wana msingi, wanaruka kutoka so kwenda do, na kila mtu anawasikia wanapofika. Teno hupewa pale juu penye utamu. Alto wanabaki na nini? Wanabaki na mi, mi, fa, mi, re, re, mi. Mara nyingine wanashikilia so moja mistari miwili mizima wakati wenzao wote wanatembea. Ukiwasikiliza peke yao, hutambui ni wimbo gani. Waondoe sasa, uimbe bila wao, na wimbo unakuwa mweupe, hauna mwili. Mara nyingi ni ile mi yao inayoamua kama sauti nne zimekuwa kitu kimoja. Ikilegea kidogo tu, kiasi ambacho mwimbaji mwenyewe hajui, kwaya nzima inaanza kushuka. Imeanza kwenye G, inamaliza karibu na F, na mpiga kinanda aliyekuwa amenyamaza akiingia kwenye ubeti wa mwisho, kanisa zima linajua.

Nilimtazama mwalimu yule akilitibu jambo hili. Kwanza aliwatoa alto kando ya soprano akawasimamisha karibu na besi, ili sikio lao lipate mahali pa kuegemea na lisivutwe na tuni. Kisha akawaomba soprano waimbe kwa midomo iliyofungwa, chini kabisa, alto waimbe kwa sauti ya kawaida. Kisha akageuza: alto chini, soprano juu, na kila alto aisikilize sauti yake mwenyewe ndani ya kichwa. Kisha vipimo vinne tu vya wimbo, tena, tena, tena. Hakupandisha sauti. Aliposikia mi imekaa, aliinua kichwa, akawatazama wale wanawake na wasichana kana kwamba wamempa zawadi, akaendelea na kipimo cha tano. Ndani ya kanisa lenye taa moja, watu waliotoka sokoni na shambani walikuwa wanapima umbali kati ya sauti na sauti kwa usahihi ambao fundi wa saa angeuheshimu.

Upande wa mtunzi kuna uvumilivu wa aina nyingine. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi tulizorithi kutoka Ujerumani na Uingereza humaliza mstari kwa pigo zito lililoangukia silabi ya mwisho, kwa sababu lugha zile zina maneno mengi yanayoishia hivyo. Ukimwaga Kiswahili humo, uzito unaangukia "-ngu" ya Mungu na "-na" ya Bwana, na mwimbaji analazimika kulisema jina la Mola wake kwa namna ambayo hangelisema nyumbani. Tumezizoea nyimbo hizo, zimetuzikia wazazi, nami sitaki zitolewe. Lakini sikiliza mtunzi anayeijua lugha anavyofanya: analisema neno kwa sauti mara nyingi kabla ya kuandika herufi, anaangalia linapopanda na linaposhuka, na tuni anaitoa humo humo ndani ya neno. Akifika kwenye "Mtakatifu", anajua ile "m" ya mwanzo ni silabi kamili inayotaka noti yake. Hataipa pigo refu, maana kwaya itabaki imefunga midomo mbele ya watu. Ataipa noti fupi kabla ya pigo kubwa, ili "ta" ifunguke mahali panapostahili. Waumini hawatagundua kitu. Wataona tu kwamba wimbo ni mwepesi kuimba, na wataushika siku ile ile.

Kwa Wakatoliki mlango wa kutunga kwa tuni za kwetu ulifunguka wazi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kupitisha hati yake ya liturujia, Desemba 1963, iliyotaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Kwa Walutheri wa Tanzania, chuo cha Makumira kilikuwa na Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyekusanya tuni za makabila na kuwahimiza wanafunzi wake waandike kwa tuni za kwao. Bernard Kyamanywa, mtu wa Buhaya, aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, kwa tuni ya kwao. Umevuka bahari. Umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116, na Wajerumani wanauimba Pasaka kwa lugha yao. Watu waliotuletea tuni zenye pigo zito mwishoni wamejifunza kuimba yetu, na sidhani kama kuna heshima kubwa zaidi ambayo kanisa moja linaweza kulipa jingine.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyekuwa askofu wa Hippo, ana ukurasa katika Maungamo, kitabu cha kumi, unaonisumbua kwa faida. Anakiri kwamba mara nyingine uimbaji ulimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, na kwamba ikitokea hivyo anajiona ametenda dhambi, afadhali asingemsikia mwimbaji. Papo hapo anakumbuka machozi aliyoyatoa kanisani siku za mwanzo za imani yake, na anaelekea kuuruhusu wimbo ubaki. Hamalizi ubishi. Mimi nauchukulia woga wake kwa uzito, maana nimeona ibada ambapo spika zimefanya kazi yote na moyo haukuulizwa kitu. Nimeona pia watu wakilia kwa mdundo na kukauka kabla ya kufika kituo cha daladala.

Ila nadhani Augustino alikuwa anafikiria msikilizaji. Alto hana nafasi ya kulewa wimbo. Anahesabu. Anasubiri pigo la tatu, anaisikiliza besi, anailinda mi yake isishuke, anamtazama mwalimu. Hisia ikimjia, inamjia kupitia kazi, ikiwa imekwisha kupimwa. Maandiko yenyewe yanamtaja Kenania, Mlawi aliyewekwa kuongoza uimbaji sanduku la Agano lilipopandishwa Yerusalemu, na sababu inayotolewa ni moja tu: alikuwa stadi. Sura kumi mbele, kitabu hicho hicho, cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, kinawahesabu waimbaji waliofundishwa, 288, na kueleza kwamba zamu zilipigiwa kura, mwalimu sawa na mwanafunzi. Hapo ustadi haukuonwa kuwa tishio kwa ibada. Uliwekewa watu, zamu na mafunzo, kama walivyowekewa makuhani na walinzi wa malango. Mwalimu anayerudia vipimo vinne Jumatano usiku yumo katika zamu hiyo, na ninaamini kwamba ibada imekwisha kuanza pale, kabla ya Jumapili.

Sisemi haya kuupunguza muziki wa injili unaotawala redio na harusi zetu. Wengi wa waimbaji wake walianzia kwenye kwaya, na ukisikiliza vizuri utajua nani alifundishwa kuiheshimu sauti ya pili: waitikiaji wake hawamfuati tu, wanamjibu. Kwaya ya Uinjilisti ya Kijitonyama na AIC Chang'ombe za Dar es Salaam zilitoka kanisani zikaingia kwenye kaseti, kwenye mabasi, jikoni, na watu waliozipenda hawakuwa wote watu wa kanisani. Kilichowavuta, kwa sikio langu, ni ule mpangilio wa sauti uliokaa kwa mazoezi.

Sasa hivi karatasi ya solfa ina mpinzani. Mwalimu anarekodi kila sauti kwenye simu, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, alto anaisikiliza akiwa kwenye foleni au akikosha vyombo, anafika mazoezini amekwisha kushika. Ni msaada mkubwa, hasa kwa wanaofanya kazi za zamu, na sitaki urudishwe nyuma. Ila anayejifunza hivyo anamtegemea mwenye simu kwa kila wimbo mpya. Aliyefundishwa solfa unampa karatasi ambayo hajawahi kuiona, anaivuta kidogo kwenye mwanga, anatafuta Do, anaanza. Ningependa kuona watoto wa shule ya Jumapili na wale wa chama cha Kikatoliki cha Utoto Mtakatifu wakifundishwa herufi hizi saba mapema, robo saa kila wiki, na mwalimu wa kwaya ndiye awafundishe, kanisa likimlipia angalau nauli. Wazee wa kanisa wanapopanga bajeti ya spika mpya, waiweke nauli hiyo kwenye mstari wa kwanza.