Nyani Hawana Ulimi: Kijana na Nguzo za Hadithi

Ajuaye kuhesabu mizani si lazima awe ajua shairi. Yaweza mishororo yote ya ubeti ikatimia mizani 16, vina vya kati na vya mwisho vikakaa mahali pake, na bado ubeti ukawa mkavu kama kumbi la nazi. Wapenzi wa ushairi wa pwani wanalielewa jambo hili bila ya kufundishwa. La ajabu ni kwamba ukweli huo husahauliwa mara tu mazungumzo yanapohamia kwenye hadithi, na hasa hadithi wanazosomeshwa vijana. Hapo mwanafunzi hupewa orodha: msuko, wahusika, mandhari, usimulizi, dhamira. Huzihifadhi fasili zake, akazijibia mtihani, akafaulu, kisha akakiweka kitabu asikirudie tena.

Si kwamba istilahi hizo hazina kazi. Fundi wa majahazi hana budi kujua mkuku ni upi na mataruma ni yepi, lakini hakuna asafiriye juu ya mkuku peke yake. Nguzo za hadithi zina maana pale tu inapoonekana jinsi moja inavyoibeba nyengine. Kitabu kinachofaa kulithibitisha hilo ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ni kifupi, lugha yake ni tamu, na vizazi vingi vya vijana vimepita mikononi mwake.

Tuanze na msuko. Kisa chenyewe, kikipangwa kwa mfuatano wa wakati, ni cha ndugu watatu: mmoja mwema, wawili wenye husuda, ambao mwishowe wanageuzwa nyani kwa uovu wao. Lau Shaaban Robert angelianzia huko, msomaji angelikuwa na mawaidha mazuri na usingizi mwepesi. Badala yake mlango unafunguliwa kwingine kabisa. Mrasi, mtumishi wa Mfalme Rai, anatumwa Janibu kwa Adili, liwali anayesifika kwa uadilifu, na huko anashuhudia jambo lisiloingia akilini. Usiku Adili huyo huyo anawapiga nyani wawili waliofungwa, kisha analia, anawafuta machozi na kuwalisha. Kwa nini mwadilifu atese? Na kwa nini mtesaji alie? Maswali hayo mawili ndiyo yanayomfungua msomaji kurasa. Kisa ni yale yaliyotokea. Msuko ni uamuzi wa lipi lijulikane kwanza na lipi lifichwe. Taharuki haizaliwi na vituko, bali na mpangilio. Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliufanyia kazi uamuzi huo huo katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa anaanza na tukio lililokwisha kutendeka na kurudi nyuma kulitafutia sababu.

Wahusika nao wanatoka katika uamuzi. Katika Adili na Nduguze majina yanasema kila kitu mapema: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Baadhi ya wahakiki wanauhesabu huu kuwa ni udhaifu, kwa hoja kwamba binadamu halisi hafungiki ndani ya jina. Hoja ina uzito, ila inasahau kwamba hadithi hii imejengwa juu ya ngano, ambamo sungura haachi kuwa mjanja wala fisi haachi kuwa mlafi. Kijana na aoneshwe njia zote mbili kwa kulinganisha. Katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, mhusika mkuu anaitwa Maimuna, jina ambalo kwa asili yake ya Kiarabu lina maana ya aliyebarikiwa. Msichana huyo anafungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, anatoroka, anaangukia katika maisha ya ukahaba mjini. Jina la Hasidi linamtangaza mwenyewe. Jina la Maimuna linamsuta. Hakuna fasili ya mhusika bapa na mhusika duara itakayomfahamisha kijana tofauti hiyo kuliko majina haya mawili yakiwekwa ubavu kwa ubavu.

Kwa Maimuna pia ndipo yanapofahamika mandhari. Vitabu vya mitihani huyaeleza kuwa ni mahali na wakati wa matukio, na mwanafunzi huandika "nyumbani" na "mjini" akapata alama zake. Lakini nyumba ya Bwana Maksuudi si mahali tu. Kuta zake zinamlea binti asiyeijua dunia, na kwa kutoijua kwake dunia inamtafuna siku anapotoka. Ukiziondoa kuta hizo, msuko wote unaporomoka. Hapo mandhari yamekuwa sababu.

Nguzo inayopuuzwa zaidi ni usimulizi, nayo ndiyo yenye somo kubwa. Mfalme Rai anapotaka kujua siri ya wale nyani, anayesimulia ni Adili mwenyewe. Kila tunachokijua juu ya hiana ya Hasidi na Mwivu kinapita kinywani mwa ndugu yao. Wao wapo pale pale barazani, lakini nyani hawana ulimi. Huenda Adili anasema kweli tupu, na kitabu kinatutaka tumwamini. Hata hivyo kijana aliyefundishwa kuuliza "nani anasimulia, na nani hakupewa nafasi ya kusema?" amepata kitu ambacho hakimo katika orodha yoyote. Ataondoka na swali hilo hadi kwenye magazeti, kwenye historia ya visiwa vyake, na kwenye maneno ya wakubwa wake. Pengine ndiyo sababu swali lenyewe haliulizwi sana madarasani.

Mwisho ni dhamira, ambayo wanafunzi huzoeshwa kuichomoa kama mwiba: wivu ni mbaya, wema hulipwa. Mukhtasari wa namna hii haukosei, lakini haumtofautishi Shaaban Robert na mtu mwengine yeyote. Kisa chake kinafanana sana na kile cha Abdalla bin Fadhil na ndugu zake katika Alfu Lela u Lela, na tofauti kubwa imo katika hatima. Katika kisa cha Kiarabu ndugu waliorudishiwa ubinadamu wanairudia hiana yao na kumtenda ndugu yao kwa nia ya kumuua. Shaaban Robert anakifunga kitabu kwa maridhiano. Malighafi ni moja, lakini kwa mmoja husuda haina dawa, na kwa mwengine mja aweza kutubu. Kwa hiyo dhamira haimo katika methali inayobandikwa mwishoni. Imo katika uamuzi wa mtunzi juu ya nani asamehewe.

Visiwa hivi na mwambao wake havina upungufu wa hadithi. Kinachohofiwa ni kwamba vijana wake watazijua kwa muhtasari wa kurasa nne unaouzwa karibu na msimu wa mitihani, wala wasijue kamwe kwamba Adili analia. Dawa yake haina gharama kubwa. Mwalimu na akisome kitabu kwa sauti mbele ya darasa, kama bibi alivyosimulia ngano baada ya chakula cha usiku, na asitaje istilahi hata moja mpaka wanafunzi wenyewe waulize kwa nini liwali mwadilifu anawapiga nyani. Siku hiyo neno "msuko" litakuwa na kazi ya kufanya.